Kikombe cha Togwa Mlangoni kwa Jirani

Sukari ilirudi madukani Songea, na mwanangu akakatazwa sukari. Mambo hayo mawili yalitukia karibu wakati mmoja, na mpaka leo nikiyafikiria nasikia hasira. Miaka ya nyuma tulipanga foleni kwenye duka la ushirika, tukapimiwa sukari ya kuonja tu, na mgeni akija tukaona haya kumkaribisha chai. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Malori yakaanza kushuka na barabara ya Njombe yamesheheni mitumba, redio, betri, biskuti na pipi za kila rangi, zikatundikwa milangoni mwa maduka. Watoto wa mtaa wetu wakawa wanatembea na ndimi nyekundu na kijani. Wangu, msichana wa miaka minne, alikuwa anakunywa maji kupita ng'ombe, anakojoa kitandani, na anazidi kukonda huku anakula kuliko baba yake.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Morogoro, nikapangiwa kufundisha shule ya msingi Songea, nikaolewa na Mngoni, fundi wa maji, nikabaki. Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tulimwita Bibi, alikuwa ametoka kijijini upande wa Madaba alipofiwa na mumewe, akaja kukaa nasi. Yeye ndiye aliyeona sisimizi wamejaa pale uani mtoto alipokojoa. Akaniita nije nitazame.

"Mkojo wa mtoto huyu una utamu," alisema. "Mimi sijapata kuona jambo hili."

Kabla hatujajipanga kwenda hospitali, mtoto akashikwa na usingizi, ukimwita haitiki. Tulipanda basi dogo la Peramiho, Bibi amempakata, anamwita kwa Kingoni njia nzima bila kunyamaza. Kule kwenye hospitali ya misheni walimrudisha. Sina neno lingine la kusema. Alikuwa amekwenda, wakamrudisha.

Muuguzi mmoja, mtawa mwenye sauti ndogo na macho makali, alitukalisha chini, akatufundisha ugonjwa wa kisukari. Alisema mtoto atachomwa sindano ya insulini maisha yake yote, na kwamba kuna hatari mbili. Sukari ikipanda, inaua polepole. Ikishuka, inaua upesi. Akipanda, dawa yake ni sindano. Akishuka, atatetemeka, atatoka jasho baridi, ataona njaa ya ghafla, na hapo dawa yake ni kitu kitamu, mara moja, bila kuuliza mtu. Kisha akamgeukia mtoto mwenyewe, akamweleza yote upya kana kwamba anaongea na mtu mzima. Nilidhani anapoteza muda wake. Mtoto alisikiliza huku anachezea kifungo cha gauni la yule mtawa.

Nyumbani kwetu pakawa na kazi mpya. Asubuhi nilichemsha bomba la sindano kwenye sufuria yake ndogo, ambayo haikupikiwa kitu kingine. Bibi alipasha moto matone ya mkojo pamoja na dawa ya buluu ndani ya kichupa, akakishika kwa kibanio cha nguo, tukatazama rangi. Ikibaki buluu, vizuri. Ikiwa kijani, tuangalie. Ikiwa nyekundu ya matofali, Bibi alinuna hadi mchana, kana kwamba mkojo umemtukana. Insulini ya kutumia tuliiweka ndani ya chungu kidogo kilichozikwa kwenye mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa, na Bibi aliumwagilia mchanga ule kuliko alivyomwagilia mchicha wake. Chupa za akiba zilikaa kwenye friji ya mwenye duka pale pembeni, mzee wa Kiyao kutoka Tunduru, aliyekuwa na friji ya mafuta ya taa kwa ajili ya soda. Aliziweka nyuma kabisa, na ole wake mteja aliyejichagulia soda kwa mkono wake.

"Kuna amana ya watu humo," alikuwa akisema. "Inshallah nitaitunza."

Na yule mtoto! Sindano za mwanzo alilia, sisemi hakulia. Lakini hazikupita wiki nyingi akaanza kunichagulia paja. "Leo hili, mama. Lile limechoka." Akaja akajifunza kujibana ngozi mwenyewe, akageuza uso ukutani, akasema, "Haya." Mume wangu, anayeingia kisimani kuzibua mabomba bila kutetereka, alikuwa anatoka nje. Mimi nilikuwa namchoma mwanangu huku namwonea fahari.

Sasa nieleze habari ya Bibi na mtaa. Kwetu pale, chakula kikiiva, mtoto yeyote aliyeko uani ananawishwa mikono pamoja na wenyeji. Kutomkaribisha ni aibu, watu wangekusema hadi kanisani. Kwa hiyo mtoto anaweza kula nyumba tatu na mama yake asijue. Bibi aliliona hilo kabla yangu. Akajifunga kanga yake nzuri, akashika njia, akaingia nyumba moja baada ya nyingine, kwa Kingoni kwa wenye Kingoni na kwa Kiswahili kwa wengine.

"Sukari ni sumu kwa mjukuu wangu," aliwaambia. "Pipi ni sumu. Soda ni sumu. Togwa ni sumu. Atakayempa, atanijua."

Watu walimsikia, na walitii kuliko alivyoagiza. Wenyeji wangu wa Songea niliwapenda zaidi tangu wakati huo. Hakuna aliyetafuna andazi mbele ya mwanangu. Harusini wanawake walimpitishia sahani juu ya vichwa vya wenzake, yenye yai au dagaa wa Nyasa, wakisema, "Hii ya yule." Mwenye duka alizihamisha pipi kutoka mlangoni akazitundika ndani, gizani, nadhani akapoteza wateja. Na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama aliyeishi kwa kuuza togwa, kile kinywaji cha uji na kimea, alivihamisha vyungu vyake kutoka barazani akaviingiza jikoni, mtoto asivione akatamani. Togwa yake ilikuwa na sifa. Kimea chake cha ulezi alikiotesha mwenyewe, na siku ya kwanza, kabla haijaanza kuchachuka, ilikuwa tamu hata bila sukari. Maseremala walikuwa wanakuja na vikombe vyao.

Ile hatari ya pili, ya kushuka, Bibi hakuitangaza. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwa utulivu. "Leo nimewaambia ni sumu. Kesho niwaambie ni dawa? Wataona bibi kizee anawachezea, waache yote mawili." Nikaona ana hoja. Isitoshe, sisi wenyewe tulijua, na mtoto alikuwa na kipakiti cha glukosi ya unga mfukoni mwa nguo yake siku zote. Tukaridhika hivyo.

Alipofika miaka saba alianza darasa la kwanza, kwenye shule ileile niliyofundisha. Wao walitoka mchana, mimi nilibaki na darasa la sita. Siku moja ya masika walicheza sana wakati wa mapumziko, wakakimbizana kwenye matope. Na wakati huohuo, kwa kuwa si mchoyo, aliwagawia rafiki zake glukosi. Kila mmoja alichovya kidole akalamba, mpaka karatasi ikabaki tupu. Mwenyewe hakulamba, maana kwake ilikuwa dawa.

Akiwa njiani kurudi, akashuka.

Habari hii nimeikusanya kutoka kwao wote, kila mmoja alinisimulia kipande chake. Alifika nyumbani akakuta mlango umefungwa. Bibi alikuwa mashineni, kwenye foleni ya kusaga mahindi. Mtoto akaenda dukani, akashika meza kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Naomba soda. Mama atalipa."

"Marahaba. Soda? Wewe?" Yule mzee alishtuka. "Mwanangu, ile ni sumu kwako. Hata ukilia sikupi. Chukua karanga hizi, nenda kwa bibi yako."

Alimwambia kwa upendo wote alionao, na akafunga friji. Mtoto alijaribu kumweleza, lakini maneno, alivyonisimulia baadaye, yalikuwa yanamponyoka. Akaziacha karanga juu ya meza, akaenda kwa jirani. Kutoka dukani hadi pale si mbali, ila aliniambia miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama wa togwa alikuwa jikoni anachuja. Akamwona mtoto amesimama mlangoni, sare imelowa, akadhani ni mvua.

"Mama, naomba togwa."

"Mungu apishe mbali. Nani kakutuma?"

"Nimeshuka."

Jirani hakujua neno hilo maana yake nini. Nani angemwambia? Akamjibu asubiri, atampeleka kwa Bibi akimaliza kuchuja. Mtoto hakusubiri. Aliingia, akachukua kata iliyokuwa juu ya chungu, akanywa. Jirani akamnyang'anya, akampiga kofi mkononi, togwa ikamwagikia sare. Hapo mwanangu, ambaye hajapata kumjibu mtu mzima vibaya, alikishika kile chungu ukingoni kwa mikono yote miwili, akatumbukiza uso ndani na kuendelea kunywa. Jirani alimvuta kwa nguo. Hakuachia. Alinywa mpaka alipoona inatosha, kisha akakaa chini sakafuni, uso na nywele vimejaa togwa.

Mimi nilikuwa ubaoni nafundisha hesabu za sehemu, nikasikia mtu analia nje. Niligeuka nikamwona jirani yangu mlangoni mwa darasa, bila viatu, kanga imefunguka, amembeba mwanangu, mtoto mkubwa wa darasa la kwanza, kama kichanga.

"Mwalimu, nimekuulia mtoto," alisema. "Amekunywa togwa. Nilimkataza, nilimpiga, amekunywa."

Nilimshika mtoto shingoni. Kulikuwa na jasho, la baridi, linakauka. Akafumbua macho akaniangalia kama mtu aliyetoka kwenye kazi ngumu.

"Nilishuka, mama," alisema. "Sasa napanda."

Nilikaa chini mbele ya wanafunzi wangu. Nililia, na wao wakatazama madaftari yao kwa adabu. Nilimwambia jirani hajaua, ameokoa, togwa yake imeokoa. Akatikisa kichwa.

"Si mimi. Mimi nilimzuia," alisema. "Amejiokoa mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Watu wazima watatu walimpenda mpaka karibu wamuue, na mtu pekee aliyeyashika maneno yote ya yule mtawa, lile la kwanza na lile la pili, ni yule aliyekuwa anachezea kifungo.

Bibi akapewa habari. Alikwenda kuoga, akajifunga ile kanga nzuri, akamshika mjukuu wake mkono. Wakazunguka tena nyumba zilezile kwa utaratibu uleule. Mara hii Bibi alibisha hodi tu na kusalimia. Aliyeeleza ni mtoto.

"Nikitetemeka, nipeni kitamu upesi. Nisipotetemeka, msinipe, hata nikiomba."

"Na ukitudanganya?" mwenye duka alimuuliza.

"Nishike shingo, babu. Ikiwa na jasho baridi, sidanganyi."

Basi mtaa mzima ukapata desturi yake. Mwanangu alikuwa hapiti bila kushikwa shingo. Anaamkia, anaitikiwa, anashikwa shingo, anaruhusiwa kwenda zake. Fundi cherehani alimshika, katekista alimshika, hata maseremala wenye mikono ya vumbi. Wengine walimshika wakati ana afya ya kupigana, wakasema wanahakikisha. Aliinamisha kichwa akawavumilia wote. Mwenye duka aliweka soda moja nyuma ya friji kando ya insulini, haiuzwi.

Na jirani yetu, kila alipopika togwa, alijaza kikombe cha kwanza, cha bati, chenye maua mekundu, akakifunika kisosi na kukiweka mlangoni juu ya kigoda. Kesho yake ikichachuka anaimwaga, anaweka mpya. Nilimwambia anapoteza togwa. Akaniuliza kama mimi huwa namwaga insulini iliyoharibika. Kikombe kile kilikaa pale miaka yote mwanangu aliyosoma shule ya msingi, na alikihitaji mara chache sana. Mara hizo aliingia mwenyewe, akanywa, akakiosha, akakirudisha.

Alifaulu kwenda sekondari ya bweni, mkoa mwingine. Mimi nilikuwa nimekonda kwa hofu, na nilikuwa mkali kwa kila mtu wiki ile. Asubuhi ya safari, Bibi, amezeeka sasa, alikagua chungu kidogo cha mchanga kilichofungwa kwenye kikapu. Baba yake alipandisha sanduku. Jirani alikuja stendi ameshika kile kikombe cha bati, kitupu, ndani ya mfuko.

"Huko nani atakuwekea?" alimuuliza.

"Nitawaeleza, mama."

"Na wakikunyima? Kama mimi?"

Binti yangu alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Nitachukua mwenyewe," alisema.

Mama yule akamshika shingo, akaikuta kavu, akamwacha apande basi.