Firigisi ya Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bibi harusi mpya ambaye hata sufuria zake zilikuwa bado zinang'aa, baba mkwe na mama mkwe walipotutembelea hapa Makongeni kutoka Kakamega. Huyo mzee ndiye babu yako, ambaye umerithi jina lake. Baba yako alikuwa ameajiriwa reli na tulikuwa na chumba kimoja. Mimi niliogopa kukosea, kwa sababu kwetu Waluhya mzee akija kwa mwanawe huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake peke yake. Nikaipika kwa uangalifu, nikaiweka juu ya nyama yake. Akaila, akanisifu kupitia kwa mama mkwe, maana kwa mila hakuwa akinisemesha ana kwa ana.

Kabla chai haijapoa alishika mgongo. Akasema tumbo linamkata hadi kiunoni, jasho likamtoka, akaanguka pale mlangoni. Tulipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Unawajua watu wetu. Mtu hafi hivi hivi, lazima kuna aliyemuua. Waombolezaji walipokusanyika, baba yako mkubwa, aliyekuwa amekula nasi, akasimama akasema, "Nyama tulikula sote. Firigisi alikula mzee pekee. Huyu msichana aulizwe alitia nini."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilijua nikitoka pale nitarudishwa kwetu na jina la muuaji, na nani tena angekula chakula cha mkono wangu? Baba yako alikaa kimya akitazama chini. Nilimsamehe baadaye, si siku hiyo.

Mama mkwe alikuwa ameketi chini, leso kichwani. Mjane hatarajiwi kubishana na wanaume wakati kama huo, lakini yeye alibishana. "Mnataka kumzika huyu mtoto pamoja na baba yenu?" akawauliza. "Mzee amelalamika mgongo tangu mwaka jana mkasema ni uzee. Akilala chali naona tumbo linadunda kama moyo umehamia huko, nikawaambia, mkacheka. Mpelekeni kwa daktari ampasue. Bila hivyo hazikwi."

Watu wakaguna, maana kumpasua maiti kulionekana aibu. Hakurudi nyuma hata hatua.

Akapasuliwa. Daktari akatueleza kwa upole kwamba hapakuwa na sumu. Mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni kupitia tumboni ulikuwa umevimba polepole, ukawa mwembamba, ukapasuka. Akauliza kama mzee alikuwa mvutaji wa sigara. Loo, alivuta tangu ujana, hata chooni! Daktari akaongeza kwamba uvimbe huo wakati mwingine hufuata ukoo, hasa wanaume, kwa hivyo wanawe wakianza kuzeeka wachunguzwe.

Hilo la mwisho hakuna aliyelibeba. Shemeji zangu walikuwa wananikumbatia, mmoja analia, mwingine ananitafutia soda. Mama mkwe akanivuta kando akanishika mikono. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wamesikia nusu. Nusu nyingine nakuachia wewe. Huyu mume wako nakupa umchunge." Nililia kuliko nilivyolia niliposhtakiwa.

Nikamchunga. Nilimpigia kelele za sigara mpaka akaacha, na alipofika uzeeni nikamkokota akapigwe picha ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta baridi na kupitishiwa kifaa juu ya ngozi. Haiumi wala haichukui muda. Baba yako hakuwa akiumwa popote, kwa hivyo alininunia njia nzima. Kumbe mshipa ulikuwa umeshaanza kuvimba. Madaktari waliufuatilia mwaka baada ya mwaka, na ulipozidi kukua wakamfanyia upasuaji. Ndiye huyo unayemsikia hapo nje akilalamika kwamba chai haina tangawizi, na mimi nikimsikia akilalamika hivyo moyo wangu hutulia.

Sasa wewe. Umevuka hamsini, na unavuta sigara ukidhani harufu yake inabaki Kariobangi kwenye karakana yako. Nikikwambia ukapimwe unanijibu, "Mathe, niko fiti, siumwi mahali." Baba yako naye alisema hivyo hivyo. Uvimbe huu haupigi hodi, na mshipa ukishapasuka wengi hawafiki hospitali wakiwa hai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata nafasi ya kujenga huenda usipewe.

Kwa hivyo nisikie. Acha sigara. Nenda ukapigwe picha, usitosheke na kujipapasa tumbo, maana mkono hauoni ndani, hata uwe mkono wa mama. Waambie na ndugu zako. Na siku mtu wetu akianguka ghafla, msianze kuuliza nani amemuua. Ulizeni ni nini kilichomuua, kisha mkae msikilize jibu lote, kwa sababu mwishoni mwa jibu hilo ndipo walio hai wanapotajwa.

Mungu akupe uzee, mwanangu, uzee mrefu wa kusumbua watu. Akutangulie huko kwa daktari, akurudishe na habari njema, na zikiwa mbaya ziwe zimewahiwa. Nilikuzaa ili wewe unizike. Mungu asigeuze zamu.