Siku ya Wazazi, Nami Sina Mtoto

Nakumbuka siku moja niliyokwenda shuleni kuaga, nikarudi nyumbani nimejaa mchanga hadi masikioni, kiatu kimoja hakina kisigino, na sijaaga.

Mwanangu, nilikuwa na umri kama wako huu. Nimemaliza chuo kikuu, barua za kuomba kazi nimezisambaza mji mzima, nami nakaa kwa mama mdogo kule Mtoni, Temeke, nasubiri simu. Mama mdogo alikuwa mvumilivu, ila uvumilivu wake uliishia kwenye kochi lake. Asubuhi moja alinikuta nimelilalia tena, akasema, "Shule ya msingi ipo hapo nyuma. Darasa la pili wamejaa kama dagaa, na mwalimu ni mmoja. Nenda kawasaidie watoto wa watu kusoma, kochi langu lipumzike."

Basi nikaenda. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alinipa ruhusa. Mwalimu Neema wa darasa la pili akanikabidhi watoto waliokuwa wamebaki nyuma katika kusoma. Tulikaa barazani, nje ya mlango wa darasa, tukiunganisha silabi. Sijui kama umewahi kuuona uso wa mtoto pale herufi zinapogeuka ghafla kuwa neno analolijua. Anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa umelificha neno lile siku zote. Nilikuwa narudi nyumbani njiani nacheka peke yangu, watu wananipisha.

Tatizo lilikuwa getini. Unaujua mji wetu: mwanamke akionekana shuleni, jina lake ni la mtoto wake. Mama Abduli, Mama Grace, Bibi Zuhura. Kila asubuhi niliulizwa, "Na wewe mama nani? Wako yuko la ngapi?" Nikijibu kwamba sina, napewa pole kama mfiwa. Hilo nililizoea. Lakini siku moja Mama Abduli, ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, alisema huku ananitazama, "Mtu hana mtoto hapa, kila siku yupo. Anatafuta nini?" Wenzake wakacheka. Nami, msomi mzima, nikaenda kulia kwenye choo cha darasa la pili, ambacho, mwanangu, si mahali pa kulilia.

Nikaamua kuacha. Ijumaa ile ilikuwa siku ya wazazi. Nitakwenda, nitamshukuru mwalimu mkuu, nitaaga, basi. Nikavaa nguo zangu za usaili, sketi ya kubana na viatu vya visigino, ili kuondoka kwangu kuwe na hadhi.

Nilipofika, uwanja mzima ulikuwa vumbi na vigelegele. Ulikuwa mchezo wa kuvuta kamba: wanaume walikwishamaliza, sasa ilikuwa zamu ya wanawake, wazazi dhidi ya walimu. Kamba imenyooshwa mchangani, katikati imefungwa kitambaa chekundu. Upande wa wazazi, nahodha alikuwa Bibi Zuhura, mama wa Kizaramo mwenye mwili wa kutosha na maneno ya kutosha zaidi, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Zuhura, mmoja wa watoto wangu wa barazani.

"Wazazi, mmekula lakini?" Mwalimu Neema akawachokoza.

"Sie tumekula ugali," akajibu Bibi Zuhura. "Nyie mmekula chaki!"

Nilikuwa napita pembeni namtafuta mwalimu mkuu, Mwalimu Neema akaniona. "Dada! Njoo huku, tumepungukiwa mtu!" Nikasogea. Wazazi wakapiga kelele: "Aah! Huyo si mwalimu! Msituletee mamluki!" Nikarudi nyuma, nikaelekea kwa wazazi. Walimu nao wakaruka: "Huyo si mzazi! Mtoto wake yuko wapi?" Uwanja ukacheka.

Nikabaki pale kwenye kitambaa chekundu, visigino vinazama mchangani. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu ushiriki wa jamii katika elimu, ina kurasa nyingi na majedwali ya rangi. Hakuna jedwali hata moja lililosema mtu kama mimi asimame upande gani wa kamba. Nikatabasamu lile tabasamu la usaili, nikageuka kuelekea getini. Niliona jibu nimelipata, tena hadharani.

"We mtoto! Unakwenda wapi?"

Bibi Zuhura alikuwa ameiachia kamba, ananifuata.

"Shikamoo bibi. Naenda nyumbani. Mie si wa huku wala si wa kule."

"Marahaba. Nani kakuuliza wewe ni wa nani? Tunakuuliza una mikono au huna." Akanishika mkono, akaugeuza, akaukagua kama anayenunua mhogo. "Juzi Zuhura kanisomea maandishi kwenye chupa ya dawa yangu. Kijiko kimoja, mara mbili kwa siku. Mie nilikuwaga nabahatisha! Nikamwuliza kakufunza nani, akasema anti wa barazani. Sikumwuliza huyo anti kazaa wangapi." Akawageukia wenzake. "Na nyie mnaocheka, mimi nimemzaa Zuhura? Nimemzaa mama yake, na mama yake yuko Mwanza. Mbona hamnifukuzi? Wewe, vua hivyo viatu. Watu wenyewe wachache, halafu unajipunguza!"

Alikuwa amevaa kanga mbili. Akaivua ya juu, akanifunga kiunoni kibwebwe, akakaza hadi nikakohoa, akanisukuma kwenye mstari, nyuma kabisa ya Mama Abduli. Hakuna aliyebisha. Hata walimu hawakubisha.

Filimbi ikalia. Watoto wa barazani wakakimbilia upande wetu wote, wakaanza kushangilia kwa njia pekee niliyowafundisha, silabi kwa silabi: "Vu! Ta! Vu! Ta!" Darasa la tatu wakadaka, la nne wakadaka, mwisho shule nzima. Tukavuta. Kitambaa kikaja kwetu, kikarudi, kikaja tena. Mwanangu, ningependa kukuambia kuwa tulishinda. Hatukushinda. Nilijikwaa kwenye viatu vyangu mwenyewe, nilivyoviacha nyuma ya miguu yangu, kisigino kikakatika, kamba ikanivuta mbele, nikaangukia mgongo wa Mama Abduli, Mama Abduli akamwangukia Mama Grace, na wazazi wote tukakokotwa na walimu kama gunia la mkaa.

"Inuka, dada, unanisaga!" Mama Abduli alikuwa akicheka hadi machozi, mchanga mdomoni. Nilipomwinua, akajipangusa, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo, "Jumatatu unakuja? Abduli wangu bado anasoma kama anayetafuna mfupa. Nichukulie na huyo."

Mwalimu mkuu akatokea, miwani kwenye paji la uso. "Nimeambiwa ulikuwa unanitafuta."

"Nilitaka kuuliza," nikasema, "Jumatatu niwahi saa ngapi."

Ndiyo maana, mwanangu, ukiniambia hutaki kwenda shuleni kwa sababu huna mtoto pale, nakusikiliza, kisha nakusihi uende. Anza kwa mwalimu mkuu, uombe ruhusa. Fundisha mahali pa wazi, ambapo kila mtu anakuona. Ukisema Jumatatu, iwe Jumatatu, kwa sababu mtoto uliyemwahidi atakaa anatazama geti. Watu wakikuuliza unatafuta nini, usiondoke kabla hujawajibu, na jibu lako liwe ni mtoto wao anayesoma. Na ukipata mtu mzima wa kukukemea kwa upendo, mshike sana, wapo wachache.

Mungu akupe afya na sauti isiyokauka. Akuzungushie watoto wengi, uliowazaa na ambao hukuwazaa, na wakuite kwa jina lolote watakalo. Amina.