Bereti ya Balagizi

Huko ughaibuni, Balagizi anaendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja la kitongoji cha Wetherill Park, lakini Wakongo wa kitongoji jirani cha Guildford humwita Komanda. Jina hilo lilikuwa na kazi yake. Kwenye vikao vya mahari alivaa bereti nyekundu, akakaa kimya upande wa waposaji, na wenye binti wakateremsha masharti wenyewe. Nani abishane na mtu aliyewahi kuongoza batalioni?

Jumamosi moja binti yake, Déborah, alikuwa mezani na kazi ya shule: maisha ya seneta wa Roma ya kale aliyeanza kama mtunza hazina, akapanda hadi gavana, kisha akakabidhiwa majeshi. Mwalimu aliwataka wamlinganishe na mtu wanayemfahamu.

"Nimekuchagua wewe, Papa. Ulianza na cheo gani?"

"Andika Komanda, basi."

"Haitoshi. Huyu seneta kila cheo chake kina mwaka. Wewe batalioni ulipewa mwaka gani?"

Kuwadanganya watu wazima vikaoni Balagizi aliita biashara. Lakini uongo huohuo uandikwe na mwanawe, akausome mbele ya darasa zima? Hilo hapana.

"Sikuwa hata askari," alisema, macho kwenye kitambaa cha meza. "Niliwauzia askari sigara pale Bukavu. Bereti nilibadilishana na mmoja wao kwa pakiti mbili."

Déborah aliweka kalamu chini.

Honi ikalia nje. Alikuwa Murhula, ambaye siku hiyo alikuwa akimposea mwanawe. "Komanda! Twende tukawatetemeshe!"

Balagizi akatoka kichwa wazi. Déborah akamfuata hadi mlangoni.

"Papa, umesahau kofia yako ya sigara."

Aliipokea bila kumtazama, akaikunja na kuitia mfukoni.

Kikaoni, Murhula alipomtambulisha kwa mbwembwe, Balagizi alisimama. "Mimi si komanda. Ni dereva wa foklifti." Wenye binti wakajinyoosha vitini, na hawakupunguza hata mbuzi mmoja.

"Umeniuza, ndugu yangu," Murhula alimnong'oneza. Wala hakumrudisha kwa gari.

Alifika nyumbani kwa miguu. Déborah bado alikuwa mezani.

"Wamepunguza?"

"Wamekataa."

Déborah akavuta daftari. "Sigara uliuza mwaka gani?"

"Tisini na nane," alijibu, akiwa bado amesimama, kama anayesubiri kuruhusiwa kukaa.