Jumatano ya Mwisho ya Mfungo Tano

Nilizijua tarehe mbaya kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Tatu, tano, kumi na tatu, kumi na sita, ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na tano. Zilikuwa zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, na karatasi imebandikwa kwa uji mzito nyuma ya mlango wa chumba cha baba. Zilikuwa tarehe za mwezi mwandamo, kwa hiyo zilirudi kila mwezi. Siku hizo baba hakusafiri, hakununua mbuzi, hakuanza kazi mpya. Mama akitaka kupanda mbegu, alichungulia kwanza nyuma ya mlango. Na ilikuwapo siku moja iliyozishinda zote kwa ubaya: Jumatano ya mwisho ya mfungo tano, mwezi unaotangulia ule wa Maulidi. Siku hiyo, tuliambiwa, balaa za mwaka mzima hushuka kwa pamoja, na mwenye akili hukaa ndani na watoto wake.

Hadi leo, na mvi zangu hizi, siwezi kuzitaja tarehe hizo bila kukaza meno.

Aliyeileta karatasi ile ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Baba alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa Singida mjini, watu waliochanganya damu ya bara na ya pwani. Mama alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mgori, binti wa wakulima. Waliishi shambani, baba akiuza chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa katika kiduka chake. Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Duka la baba likafungwa, likabaki la kijiji, naye akashika jembe akiwa na miaka arobaini na mikono laini. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Alipokuja kuishi nasi alimkuta kaka yake amelala kwenye kibanda ambacho udongo wa kuta ulikuwa bado mbichi.

"Mlihama tarehe gani ya mwezi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata maji hajanywa.

Baba akahesabu kwa vidole. Ilikuwa ishirini na moja.

"Basi," akasema shangazi. "Unalia nini? Ulihama siku ya nuksi."

Tarehe ile ilichaguliwa na mgambo na dereva wa lori. Hakuna aliyetuuliza. Lakini kuwakasirikia mgambo kulikuwa na hatari, na kuikasirikia tarehe hakukuwa na hatari yoyote. Nadhani baba alipata nafuu. Tangu siku hiyo kila kilichotupata kilikuwa kosa la tarehe, na shangazi akawa ndiye mwenye kuziweka na kuzifungua siku zetu kama mtu mwenye ufunguo wa ghala.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume wa miaka mitatu na mdogo wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Yule wa kiume alikuwa roho ya shangazi. Alikula kwa mkono wake, alilala mgongoni kwake, na akianguka alimkimbilia yeye, si mama.

Siku moja mwalimu wetu alitutangazia mstarini kwamba gari la chanjo litakuja Jumatano. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya jirani na ilikuwa inaua. Kila mwenye mdogo chini ya miaka mitano awaambie wazazi wamlete kwenye ghala la kijiji. Nilikimbia hadi nyumbani, nikasema yote bila kupumua.

Shangazi alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho. "Jumatano hii?"

"Ndiyo, shangazi."

"Jumatano ya mwisho ya mfungo tano, watoto wetu wachomwe sindano? Damu itoke siku hiyo?" Akamgeukia baba. "Wewe unalisikia hili?"

"Watarudi siku nyingine," alisema baba.

Mama alikuwa anakoroga uji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya wifi yake hayo machache yalipungua zaidi. "Mwalimu amesema hawarudi hadi baada ya mavuno," alisema.

Baba akanyamaza. Nimeishi na ule ukimya zaidi ya nilivyoishi na sauti yake. Alikuwa mtu aliyesoma. Alijua sindano ni nini, maana mwenyewe aliwahi kupona homa kali kwa sindano. Angeweza kusema neno moja tu. Akasugua kiganja chake chenye malengelenge, akatoka nje.

Jumatano ilipofika tulioga asubuhi na mapema kwa maji aliyoyasomea shangazi, kisha tukanywa kombe, maandishi ya zafarani yaliyosuuzwa kwenye sahani. Shule sikuruhusiwa kwenda. Mlango ukafungwa. Mdogo wangu wa kiume alikaa mapajani kwa shangazi akichezea tasbihi yake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona mama akimwaga ndoo nzima ya maji kwenye maboga, kisha ya pili. Nilidhani amechanganyikiwa. Saa nne hivi tuliposikia mngurumo wa gari upande wa ghala, mama alimwinua mtoto mchanga, akamweka mgongoni kwangu, akafunga kanga kwa mafundo mawili.

"Kaniletee maji kisimani," akasema.

"Leo hakuna kutoka," alisema shangazi.

"Wifi, hakuna hata tone. Tutakunywa nini?"

"Na huyo mtoto anakwenda wapi?"

"Analia. Akipelekwa matembezi atalala."

Mtoto hakuwa analia. Mama alinitazama mara moja, akanipa ndoo, akageuka. Kisima kilikuwa kushoto. Ghala lilikuwa kulia. Hakuniambia niende wapi, na hadi anazikwa hakuwahi kukiri kwamba aliniambia. Nilikwenda kulia.

Mstari ulikuwa mrefu, akina mama wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja, maana si Waislamu wote waliokuwa na karatasi nyuma ya mlango. Muuguzi alikuwa dada mnene mwenye sauti ya kuchoka. Alimchoma mdogo wangu, akaandika kadi, akaniuliza, "Nyumbani kuna mwingine chini ya miaka mitano?"

"Yupo. Wa miaka mitatu."

"Kwa nini hukuja naye?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa na gari, alikuwa na mwenyekiti wa kijiji amesimama pembeni yake, na nyumba yetu ilionekana kutoka pale. Wangekwenda kugonga mlango. Lakini niliona aibu kumwambia mtu wa mjini, mwenye gauni jeupe, kwamba kwetu tunaogopa Jumatano.

"Amelala," nikasema.

"Kamwamshe. Tupo hadi saa saba."

Sikurudi. Nilipita kisimani, nikachota maji, nikaenda nyumbani. Shangazi aliiona pamba kwenye mkono wa mtoto kabla sijatua ndoo. Baba alinichapa kwa mkanda. Alichapa akiwa ameelekea ukutani, kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa. Mama alisimama mlangoni. Nilikuwa na hakika kwamba nikilitaja jina lake atarudishwa kwao, kwa hiyo nililia tu na sikumtaja.

Haikupita wiki mbili mdogo wangu wa kiume akaanza mafua na homa. Maulidi yalisomwa kijijini kwetu akiwa anatetemeka chini ya blanketi, na shangazi akafurahi kwamba mwezi mbaya sasa umetoka, mwezi mwema umeingia, mtoto atapoa. Kesho yake vipele vikatoka usoni. Kisha macho yakavimba, yakafunga, yakatoa usaha. Shangazi alimfungia katika chumba chenye giza, akamkataza kuoga, akamkataza nyama, akakataza hata asitajwe daktari, maana alisema surua ikichomwa sindano huingia ndani na kuua.

Ilipofika Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa anajipiga macho kwa ngumi. Baba hapo ndipo alipoamka. Alimbeba begani kwenda zahanati ya misheni, mwendo wa saa nne. Korongo lilikuwa limejaa kwa mvua ya usiku. Alirudi amelowa hadi kifuani, mtoto juu ya kichwa. Kilichoweza kuvuka pale ni mkokoteni wa maksai peke yake, na mwenye mkokoteni alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyetupa mtama tulipohamia hatuna kitu. Nilimfuata baba hadi kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtoto anakufa. Naomba maksai."

Mzee alimtazama mtoto, na niliona kwamba alihuzunika kweli. Akasema, "Bwana, leo ni Ijumaa Kuu."

"Najua."

"Leo sisi hatufungi nira. Hatushiki jembe, hatumwagi damu, hatutikisi ardhi. Mwaka mmoja nilifunga, maksai wangu mmoja hakufika mavuno. Kesho alfajiri nitakupeleka mwenyewe."

"Kesho!" alisema baba.

"Alfajiri kabisa."

Nilitegemea baba atapiga kelele, atawafungua wale maksai kwa nguvu. Alisimama pale maji yakimchuruzika, akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mkanda wake. Alielewa! Mtu mwenye siku mbaya zake alikuwa amekutana na mtu mwenye siku mbaya zake, na wakaheshimiana, mtoto akiwa katikati yao anajipiga macho.

Jumamosi mzee alikuja kabla jua halijachomoza, kama alivyoahidi. Hakutaka malipo. Walivuka. Mganga wa zahanati alimpa mtoto dawa, akamsafisha, akamwambia baba kwamba mapafu yatapona. Kuhusu macho alisema jicho moja lilikuwa limeshapasuka na jingine limefanya jeraha. "Mngemleta jana," alisema, "pengine hili moja ningeliokoa." Baba alitusimulia hayo mara moja, siku aliyorudi, na hakuyarudia tena.

Mtoto mchanga hakuugua hata siku moja. Alilala kwenye mkeka mmoja na mgonjwa, akanywea kikombe kimoja naye, akabaki mzima. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Shangazi aliona kingine.

"Ni huyu," alisema mbele ya majirani waliokuja kutupa pole, akininyooshea kidole. "Alitoka siku ya nuksi, akafungua mlango. Balaa ikaingia na nyayo zake. Kwa yule mchanga haikuweza, imemkuta mwenzake."

Watu waliitikia. Baba aliinamisha kichwa. Mama alikuwa amekaa mkekani, mtoto mapajani, na midomo yake ilikuwa imebana kama imeshonwa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilimjibu shangazi yangu mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Mbona wote waliotoka siku ile watoto wao wazima?" nikauliza. "Nenda kawahesabu!" Nilipigwa tena. Safari hii sikulia.

Kwa miaka mingi niliitwa mwenye mkosi. Harusini sikuruhusiwa kushika chungu cha bibi harusi. Wanawake walionipenda walinitania kwa jambo hilo, wasionipenda walinikwepa. Shangazi hakuwa mwongo, na hilo ndilo linalonitesa. Aliamini. Alimlea mdogo wangu kwa mikono yake, akamfundisha kuhesabu hatua hadi chooni, akalia kila alipomwosha uso. Alikufa akimwita yeye. Nilihudhuria mazishi, nikapika, nikaosha vyombo, na moyoni sikumsamehe. Mzee wa kanisa naye sijamsamehe, pamoja na mtama wake.

Mdogo wangu alipelekwa shule ya wasioona, mbali, akarudi anasoma kwa vidole haraka kuliko mimi kwa macho. Sasa anafundisha. Ana mke, ana watoto wanne, analima alizeti kwa vibarua na anajua kila mstari wa shamba lake. Hapendi niisimulie habari hii.

"Dada, ukisimulia watu wanakuja kunitazama kwa huruma," huniambia. "Mimi si ushahidi wako."

Ana haki. Lakini nami nina haki yangu, ndiyo maana naandika.

Baba alipokuwa mgonjwa wa mwisho alituita sisi wawili. Karatasi ilikuwa imeshatoweka zamani, sijui ni panya au ni mama. Alimshika mdogo wangu mkono. "Mwanangu, nisamehe. Siku ile ilikuwa mbaya."

"Nimekusamehe, baba," mdogo wangu alijibu. "Ila usiseme ni siku."

Nikangoja. Nilidhani atanigeukia, ataitaja sindano, au mkanda, au hata maboga yale yaliyomwagiwa maji. Aliomba maji ya kunywa. Nikampa, akanywa, akarudisha kikombe mkononi mwangu bila kunitazama.

Alikufa Alhamisi. Watu waliniuliza tarehe ya mwezi mwandamo. Niliwaambia sijui, na nilikuwa naijua.