Bleni wa Kadra

Muulize mtu yeyote wa Garsen nani anajua ng'ombe, atakuonyesha Jarso. Humtazama dume ubavuni mara moja tu, akakwambia amelala njaa siku ngapi. Kwa hiyo Kadra, bintiye, alipopata kazi Malindi na hana pa kuliweka tangi lake la kioo, hakuona tabu kumwachia baba. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, mawe, matumbawe machache, na samaki mmoja wa rangi ya udongo, urefu wa kidole, anayeitwa bleni. Huyo chakula chake ni ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe na kioo.

"Abba, nikipata nyumba nitakuja kumchukua. Nimkute hai," Kadra alisema.

"Ukame wote ule nimevusha ng'ombe," Jarso akajibu. "Sembuse huyu, hata pembe hana."

Pembe anazo, vinyuzi viwili juu ya macho, ila Jarso alikuwa hajamtazama vizuri. Baada ya wiki akawa anamtazama kupita kiasi. Kila asubuhi, chai mkononi, alimkuta juu ya jiwe lake, ametulia kama mwenye shamba, kisha anaanza kukwangua kioo na kuacha alama za midomo. Jarso akampenda, na hapo ndipo alipokosea. Mfugaji gani anafuga mnyama mmoja? Mnyama wa peke yake hunyong'onyea. Akamwagiza Fondo, mvuvi wa Kipini anayemletea maji ya bahari kwa mitungi, amtafutie mwenzake. Hakumuuliza Kadra. Amuulize mtoto habari za mifugo?

Fondo akaleta bleni mwingine, mkubwa zaidi. Kufika adhuhuri mgeni ameshateka mawe yote. Yule wa Kadra akabanwa nyuma ya pampu, pezi limechanika, akichungulia tu anafukuzwa. Siku ya tano Jarso akaona tumbo limeingia ndani. Tumbo hilo alilijua. Amewahi kuliona kwa ng'ombe ambao hawakuinuka tena. Na siku hiyo hiyo Kadra akapiga simu: nyumba imepatikana, anakuja baada ya wiki mbili.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," mkewe Abdia alisema, akipita na kibuyu cha maziwa. "Si wewe huwaambia watu hivyo sokoni?"

Ilimuuma, maana ni kweli. Jarso aliona haya hasa, haya ya mtu mzima. Lakini haya hailishi mnyama. Alikata wavu wa plastiki, akaligawa tangi mara mbili, na upande wa mgonjwa akatia mawe yenye kijani. Hayo yakiisha je? Malisho yakiisha watu huhama. Samaki hawezi kuhama, basi malisho yatamhamia yeye. Akapanga mawe mengine ndani ya beseni tatu za maji ya bahari, akaziweka juani nyuma ya nyumba. Jiwe likiota kijani linaingia tangini, lililoliwa linarudi kwenye beseni.

Siku mbili bleni hakula. Jarso hakwenda sokoni, na alipoulizwa alisema ana mgonjwa. Siku ya tatu akakuta alama za midomo kwenye kioo, ndogo, nyingi. Alikaa chini akazihesabu.

Kadra alipofika aliona wavu, aliona samaki wawili, akatoka nyuma akaona beseni. Jarso akamweleza yote bila kujitetea. Binti akainama, akatazama tumbo la bleni wake, sasa limejaa, na pezi lililoanza kuziba.

"Abba," akasema, "aliyekuchungia mnyama hupewa ndama. Ndivyo ulivyonifundisha. Chagua mmoja."

Jarso, ambaye sokoni huzunguka dume mara saba kabla ya kutaja bei, hakufikiri hata kidogo.

"Mchukue yule mnene," akasema. "Huyu wa pezi niachie. Nilimkosea mimi."

Kadra akaenda kutafuta ndoo.