Kodiani Niliyoisikia kwa Simu

Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza mitumba soko la Thika, na pale sokoni nilijulikana kama mtu asiyeuziwa uongo. Suruali ikipita mkononi mwangu nilikuwa naigeuza ndani nje, nahesabu vifungo, nahesabu tena, nainusa, kisha naitukana mbele ya mwenyewe mpaka aone nikiichukua nimemfanyia hisani. Ndiyo maana mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa Ngoliba, alinijia mimi panya walipoimaliza kodiani yake.

Kodiani ni kile kinanda cha kubeba kifuani, unavuta, unasukuma, kinapumua kama mtu. Kwa kina mjomba, bila kodiani hakuna mwomboko, ile ngoma yao ya kushikana wawili wawili, na bila mwomboko hakuna harusi, kuna watu tu wamekaa wakingoja nyama. Mjomba alikuwa mpigaji wa kikundi chao tangu nikiwa sijazaliwa. Sasa kulikuwa na harusi ya jirani inakuja, na kiongozi wa kikundi alikuwa ameshamwambia: ukikosa chombo siku hiyo, tutamchukua yule mwingine wa ng'ambo ya mto, na tukimchukua hatumrudishi.

Mjomba aliuza mbuzi zake wote akaniletea pesa zimefungwa ndani ya soksi. Akaniambia, "Mwana wa dada, wewe unajua vitu vilivyotumika. Nitafutie."

Nikatafuta. Kodiani haikuwa kitu cha kuokota Thika. Nikaanza kusoma matangazo madogo ya gazeti, yale ya kuuza ng'ombe wa gredi na kutafuta wachumba wacha Mungu, mpaka siku moja nikaona: kodiani ya Kijerumani, imetumika kidogo, kanisani pekee, sauti safi. Piga simu Ruiru.

Neno "kanisani pekee" lilinipendeza sana. Mimi ni mtu wa msikiti, lakini biashara ni biashara. Kitu kilichotumika kwa Mungu hakijamwagikiwa pombe.

Nikapiga simu kutoka kibanda cha posta. Mwenye kodiani alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuombea chakula. Akasema yeye ni mzee wa kanisa huko Gatongora, karibu na Ruiru, na hapo alikuwa ofisini kwa kanisa.

"Iko na shida gani?" nikamuuliza.

"Shida? Kijana, kwa nini nikueleze na wewe una masikio? Ngoja."

Nikasikia kiti kikisukumwa. Halafu, wallahi, ndani ya ule mkono wa simu ulionuka mate ya mji mzima, ikatoka kodiani tamu, imejaa, haina mkwaruzo hata mmoja. Nikaendelea kutia sarafu kama mwendawazimu ili wimbo usikatike. Watu waliopanga foleni nyuma yangu walianza kunung'unika, nikawaelekezea ule mkono wa simu nao wasikie. Mama mmoja akasema, "Haiya, nunua!" Ushahidi gani tena nilikuwa nautaka?

Mzee akaileta mwenyewe sokoni Thika, siku ya mvua, imefungwa kwa nailoni tabaka juu ya tabaka kama maiti ya tajiri. Nikashika fundo nifungue. Akanizuia mkono.

"Usifungue kwa mvua. Unyevu ukiingia kwa sauti zake, ndiyo basi. Na ukiharibu wewe, usiniletee."

Mimi, mtu wa kugeuza suruali, nikaona hilo lina maana. Nikamhesabia pesa mara mbili, nikafurahi kwamba hazikupungua.

Tulifungua Ngoliba, mahali ambapo unyevu wenyewe huja kwa mwaliko. Mjomba akaivaa, akavuta. Kodiani ikakohoa. Akasukuma, ikatoa sauti ya ng'ombe aliyekalia mguu wake. Tukaichunguza. Mapafu yake yalikuwa yamezibwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli, juu ya raba plasta ya hospitali, na juu ya plasta rangi nyeusi ya viatu. Vitufe vya mkono wa kushoto havikuwa vitufe, vilikuwa vifungo vya koti. Hivyo nilivijua mara moja, vya koti la kike, na si ghali.

Mjomba hakunilaumu. Angenilaumu ningelala vizuri. Aliivua tu polepole, akailaza kitandani mwake, akasema, "Labda imechoka na safari."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Nikaanza na simu. Mara mzee yuko kwa kikao. Mara mzee yuko mazishini. Mara mzee amefunga anaomba, haongei na mtu. Nilipoanza kumwonea huruma kwa kazi nyingi nikaacha simu, nikaenda polisi. Askari wa kaunta akasikiliza vizuri, akaitazama kodiani, akasema hii si kesi ya jinai, ni ya madai, ila niiache pale kama kielelezo. Nikamuuliza kielelezo cha nini, kama si kesi. Akasema, "Cha utaratibu." Nikaukumbatia ule mzigo nikatoka. Nilikuwa nimeshapoteza pesa, sikutaka kupoteza na takataka yenyewe.

Jumapili iliyofuata nikavaa shati safi, nikabeba kodiani, nikashuka Gatongora.

Mama wa kukaribisha watu mlangoni aliniona na chombo, akadhani mimi ni mwanamuziki mwalikwa. Nikavua kofia yangu nikaitia mfukoni, akanipeleka mpaka kiti cha mbele. Juu yetu mabati mapya yalikuwa yanang'aa mpaka unafinya macho. Kwaya ikasimama, na nani akaenda kuketi na kodiani? Mzee wangu. Akavuta. Sijui kama mnajua uchungu wa kusikia mali yako kwenye kifua cha mtu mwingine. Ilikuwa ni ile ile ya simu, utamu ule ule. Hapo ndipo nikaelewa: alikuwa amenipigia kodiani ya kanisa, akaniuzia ya kwake.

Baada ya matangazo mchungaji akasema lile neno ambalo kanisa gani huku kwetu halilisemi: "Tuko na wageni? Wageni wasimame, watusalimie, watuambie wametoka kanisa gani."

Nikasimama. Mzee akaniona. Alianza kutafuta kitu kwenye Biblia yake.

"Hamjambo nyote," nikasema. "Nimetoka Thika. Kanisa langu ni msikiti."

Halafu mtu mmoja huko nyuma, kwa mazoea, akasema, "Amina."

"Nimekuja kushukuru," nikaendelea. "Mzee wenu huyu aliniuzia kodiani. Alinipigia kwa simu kutoka ofisi yenu, nikapenda. Leo nimeisikia tena hapa, ile ile. Ndiyo nashangaa, kwa sababu yangu ninayo hapa. Pengine zina undugu. Naomba tu aipige na hii, kanisa lisikie."

Mchungaji, masikini, hakuwa ameshuku chochote. Akafurahi. "Mzee, mgeni ametuheshimu. Tupigie ubeti mmoja!"

Mzee wa kanisa akiombwa wimbo madhabahuni hana njia ya kukataa. Alikuja akaivaa. Naapa alijaribu, mtu yule alikuwa fundi, alijua kila kidonda cha kile kitu na alikizunguka kama anayeruka madimbwi. Lakini ilipofika mahali pa kupanda sauti, plasta ikaachia. Kodiani ikajamba. Hakuna neno lingine, nimelitafuta. Watoto walianza kucheka, kisha mama zao, na mchungaji akasema haraka, "Tusimame kwa sala ya mwisho," na mahubiri hayakuwa yameanza.

Ofisini tulikaa wanne: mchungaji, mzee, mwenyekiti wa akina mama na mimi. Chai ililetwa na mkate, kwa maana huku kwetu mtu haambiwi ukweli akiwa na njaa.

"Ni kweli?" mchungaji akauliza.

"Nilisema sauti safi," mzee akajibu. "Sikusema ya ipi."

"Mzee!"

"Na imetumika kanisani pekee. Hilo ni kweli kabisa. Ni mimi niliyekuwa naitumia hapa kabla tununue hiyo nyingine."

"Mrudishie huyu mtu pesa zake."

Mzee akanywa chai. Akatazama juu. Sisi sote tukatazama juu. "Ziko hapo," akasema.

Kumbe ile Jumapili baada ya kuniuzia, kulikuwa na harambee ya paa. Mzee alisimama mbele ya watu akatoa mbuzi za mjomba wangu, akaandikwa mfadhili wa mabati.

"Sasa hiyo ni ngumu," mchungaji akasema, akiwa ameanza kuona uzuri wa jambo. "Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi."

"Mchungaji," nikasema, "mimi sikumpa Mungu. Nilimpa mzee. Mzee ndiye alimpa Mungu, tena kwa jina lake."

Mwenyekiti wa akina mama akaweka kikombe chini. "Na tulimpigia makofi ya kilo. Mimi mikono iliniuma. Hayo makofi yalikuwa ya huyu."

"Tunaweza kumpigia Jumapili ijayo," mchungaji akasema, na hakuwa anatania.

"Mjomba wangu hapigi makofi. Anapiga kodiani. Harusi ni Jumamosi hii."

Tukabishana. Walitaka nisubiri mavuno. Nikataka mabati. Nikawaambia nitahesabu yangu, nipande mwenyewe niyang'oe, na nikainua kichwa kuanza kuhesabu. Mwenyekiti wa akina mama akacheka mpaka akashika meza, kisha akasema lililomaliza maneno. "Achukue kodiani ya kanisa. Akae nayo mpaka mzee atakapolipa. Hii mbovu nitaifungia kabatini, isije ikauzwa tena."

Mzee akaruka. "Chombo cha Mungu kiende ngoma za dunia?"

"Ni harusi," nikasema. "Ndoa nani aliianzisha?"

Mchungaji akafikiria, akaona mtego, akaingia ndani yake kwa heshima. Ila akaweka sharti: mzee mwenyewe aende nayo Ngoliba hiyo Jumamosi, ahakikishe haipigi nyimbo za kidunia.

Kwa hiyo Jumamosi ile kodiani ilifika harusini ikiwa na mlinzi aliyevaa suti. Baba ya bwana harusi, kwa kutoamini, alikuwa amekodi pia kijana wa disko kutoka mjini na spika zake mbili. Kiongozi wa kikundi alikuwa amesimama na yule mpigaji wa ng'ambo ya mto, tayari amekunja mikono ya shati. Mjomba akaivaa kodiani bila kumsalimia mtu. Akavuta mara moja, pole, kama anayeonja uji. Nikaona uso wake, nikageuka nikajifanya naangalia mbuzi wa kuchoma.

Akaanza. Wazee wakashikana wawili wawili, hatua mbili na kuinama.

"Huo wimbo ni wa dunia," mzee wa kanisa akasema.

"Ni wa Ngoliba," mjomba akajibu, hakusimamisha hata kidole.

"Na huu je?"

"Huu ni wa hapo juu kidogo, karibu na mto."

Mzee akanyoosha mkono ashike mapafu ya kodiani. Nyanya ya bibi harusi akaudaka ule mkono. "Wewe wa suti, mguu wako unapiga chini tangu saa ile. Kuja." Alikataa vizuri, kwa maneno ya Biblia, huku akivutwa. Walipofika katikati alikuwa ameshafunga macho, na alicheza hivyo hivyo, macho yamefungwa, hatua mbili na kuinama, safi kabisa, mtu aliyewahi kuicheza sana kabla ya kuokoka. Mpigaji wa ng'ambo ya mto akakunjua mikono ya shati akaomba sahani. Kijana wa disko alikuwa amekalia spika yake.

"Mzee, si uniwachie hata moja tu?" akamwomba mjomba.

"Ukiwa na umri wangu," mjomba akamjibu.

Jioni mzee wa kanisa alinivuta kando, jasho limelowesha kola. "Mwislamu. Ya leo yabaki huku."

"Yatabaki, mzee. Lakini kubaki nako kuna kodi."

Akaniambia nitapata pesa zangu zote mwisho wa mwezi, na safari hii nilimwamini, kwa sababu hakutaja jina la Mungu.

Nikampelekea mjomba habari hiyo njema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kodiani bado kifuani, akiifuta vumbi kwa ile soksi ya pesa.

"Kwa hiyo akilipa, hii inarudi kanisani?"

"Inarudi. Tutatafuta nyingine, utaijaribu mwenyewe."

Vidole vyake vilitembea juu ya vitufe bila kuvibonyeza.

"Basi," akasema, "Mungu amcheleweshe."