Kaburi Lililofagiwa kwa Ajili ya Mgeni

Harufu ya udi ndiyo iliyonirudisha utotoni, nayo ilinikuta mahali nisipopatarajia: ndani ya hekalu la Wabudha, hapa London, katika miaka ya tisini. Shule ya mjukuu wangu Salma iliwapeleka watoto kutembea huko, nami nikaombwa kuwasindikiza. Tulivua viatu, tukaingia. Majivu yalikuwa yamemwagika mezani, maua yamenyauka, wali wa sadaka umeachwa palepale, na watalii wakipiga picha.

"Bibi, wageni wamekuja, mbona hawajafagia?" Salma aliuliza.

"Nyamaza, utazame."

Swali lake lilikuwa la kwetu, Pemba. Huko babu yangu alikuwa mtunzaji wa kaburi la shehe wa kale. Watu walifunga vitambaa vyeupe na vyekundu kwenye nguzo yake, wakafukiza udi na ubani, wakaweka nadhiri. Mama yangu aliweka yake kaka yangu alipougua homa: akipona, angepeleka mkate wa kumimina ukaliwe kaburini. Kaka akapona.

Kabla nadhiri haijatimizwa, tukaambiwa kwamba bwana mmoja wa serikali, Mzungu, angekuja kupatazama. Babu akatukusanya watoto.

"Mgeni hukaribishwa palipofagiwa," alisema.

Tulivifungua vitambaa vyote, tukazoa majivu, tukafagia mpaka mchanga ukalainika kama unga. Bwana yule alizunguka, akaandika, akasema. Mkalimani akatufasiria: haya ni mahame, hayana mwenyewe, ni urithi wa nchi nzima na yatahifadhiwa.

"Mwambie wenyewe ndio sisi!" mama alisema.

"Ametafuta alama yenu hakuiona. Nimwonyeshe nini, dada yangu?"

Waya ukazungushwa, kikapigiliwa kibao ambacho hapakuwa na mmoja wetu aliyejua kukisoma. Mama alikwenda na mkate wake, mlinzi aliyewekwa na serikali akamrudisha. Tuliula nyumbani. Sikulia siku ile. Na ninapowasimulia sasa, sisikii kitu kifuani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulinyang'anywa. Hekaluni ndipo nilipofahamu, wenzangu: watawa wa pale waliziacha alama za ibada yao wazi mbele ya kamera, na kila mtalii akajua ameingia kwa watu. Sisi, kwa adabu, tulijifuta wenyewe, kisha tukamkaribisha mgeni.

Mama alifariki nadhiri ingali shingoni mwake, akimlaumu mlinzi. Sikumsahihisha, kwani nami nilikuwa sijajua bado.